Mwanangu alipigwa jichoni na kopo la fataki na sasa haumwi tena. Je, bado tumpeleke hospitali?

Daktari, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Tanga nikiwa na moyo mzito, kwa sababu Idi ya mwaka huu imetuachia mtihani ambao sijui nianze nao wapi. Usiku wa Idi pili, baada ya sala ya Isha, mimi nilikuwa uani nikiosha vyombo na watoto walikuwa barazani wakisubiri kupigiwa fataki. Mtoto wa shemeji yangu, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa amenunuliwa na baba yake pakiti nzima ya zile fataki ndogo nyekundu. Alipoona mlio wake haumtoshi, aliwasha moja akaifunika kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Kopo liliruka likampiga mwanangu wa miaka 9, ambaye alikuwa ameketi hatua nne au tano kutoka pale, hakushika fataki wala kiberiti.

Nilipotoka nilimkuta amefunika jicho la kushoto kwa viganja vyote viwili. Hapakuwa na damu inayotiririka. Palikuwa na mchubuko juu ya kope, na jicho lenyewe lilikuwa jekundu likitoa machozi. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, alimwita jirani anayenyonyesha akamkamulia maziwa jichoni, na asubuhi akampaka asali kidogo kwa ncha ya kidole. Mume wangu alikwenda duka la dawa, akaeleza kwamba mtoto ameumia jicho, akauziwa dawa ya matone na vidonge vya diklofenaki. Mchana wa siku hiyo mtoto alitapika mara mbili, kisha akalala muda mrefu, nasi tukasema ni mishkaki na juisi za sikukuu.

Leo ni siku ya tatu. Anasema haumwi tena, na wekundu umepungua. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kila asubuhi akiamka anasema kwa jicho hilo anaona moshi, lakini ikifika saa nne moshi huo huwa umepungua. Jana nilimmulika kwa tochi ya simu nikaona, chini kabisa ya kile cheusi cha jicho, mstari mwekundu uliokoza, umetuama kama mashapo ya juisi ya ukwaju kwenye kitako cha glasi. Mama mkwe anasema ni damu iliyovilia na itakauka yenyewe. Jirani anasema jicho likifa hulivuta na la pili, kwa hiyo tukienda hospitali watalitoa. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya mume wangu asitake kusikia habari ya hospitali.

Juu ya hayo yote, mume wangu na kaka yake hawasemezani. Mume wangu anataka kaka yake atoe kwanza gharama ndipo mtoto apelekwe. Shemeji naye anasema watoto walikuwa wakicheza, na kwamba mimi mama ndiye niliyepaswa kumwangalia mwanangu. Pakiti nyingine mbili bado zimo kabatini kwake zikisubiri Idi ya kuchinja. Daktari, maumivu yakiisha, si ndiyo kusema jicho linapona? Na je, kweli nimekosa kwa kuwa uani?

Mama mwenye wasiwasi, Tanga.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa mtihani uliowafika.

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikusubiri zamu yake. Nilipofika kwenye sentensi ya mashapo ya ukwaju niliiweka chini nikampigia mama huyu simu, nikamwambia kwamba mtoto afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama, na kwamba habari ya nani alipe ibaki nyumbani mpaka watakaporudi. Walikwenda. Haya ninayoyaandika sasa ninayaandika kwa ruhusa yake, baada ya mtoto kuonwa na kutibiwa, kwa kuwa maswali aliyoyauliza yanaulizwa katika nyumba nyingi kila sikukuu inapopita, iwe Idi, Krismasi, Mwaka Mpya au Diwali.

Nianze na lile lililomdanganya kila mtu nyumbani, yaani kwisha kwa maumivu. Konea, ambacho ndicho kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ina mishipa mingi mno ya fahamu, na ngozi yake ya juu ikichubuka mtoto hulia usiku kucha. Lakini ngozi hiyo hujifunga upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, na ikijifunga maumivu huondoka. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, haina kabisa mishipa ya kuhisi maumivu. Inaweza kuchanika na hata kubanduka mtoto akiwa anacheza bao barazani bila kulalamika. Kwa hiyo maumivu yalipokwisha siku ya tatu, yalichowaambia ni kwamba mchubuko wa mbele umejifunga, na kuhusu yaliyoko nyuma ya mchubuko huo hayakuwaambia chochote.

Mstari mwekundu uliouona, nao niseme wazi kwamba ulifanya vizuri kummulika, ulikuwa damu ndani ya jicho lenyewe. Kati ya konea na irisi, ile duara yenye rangi, kuna chumba kidogo kilichojaa maji safi. Kopo lilipompiga, jicho lilibonyea kwa ghafla kama mpira uliokanyagwa, maji hayo yakasukumwa kwa nguvu kwenye pembe za chumba, na mishipa midogo ya damu iliyoko huko ikapasuka. Damu ni nzito kuliko maji, hivyo mtoto akiwa ameketi au amesimama hutuama chini, na akilala chali hutawanyika chumba kizima. Ndiyo sababu aliamka akiona moshi na ikifika saa nne moshi ukawa umepungua. Jicho halikuwa likipona kila asubuhi na kuumia upya kila usiku. Ni damu ile ile tu iliyokuwa ikitulia na kutibuka.

Sasa yale matapishi. Mishkaki ya barabarani ina makosa yake, lakini safari hii ilisingiziwa. Maji ya ndani ya jicho hutengenezwa muda wote na kutoka muda wote kupitia kichujio kidogo sana kilichoko pembeni mwa chumba nilichokieleza. Chembe za damu zikiziba kichujio hicho, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayapati njia, na shinikizo hupanda. Kwa kawaida shinikizo la jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. La mtoto huyu, alipopimwa, lilikuwa 38. Shinikizo la kiwango hicho huleta kichefuchefu, kutapika na uchovu, na watu huhangaika na tumbo huku mshipa mkuu wa jicho unaopeleka picha kwenye ubongo ukisagika kidogo kidogo. Mtoto aliyepigwa kichwani au jichoni kisha akatapika na kulala kupita kawaida anahitaji kuonwa mara moja, kwa kuwa hata ubongo wenyewe huenda umetikisika.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu huku pwani halipaswi kusahauliwa, nalo ni selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mtoto huyu alipopimwa damu alionekana kuwa na vinasaba vya AS. Maana yake haugui selimundu, lakini amerithi kinasaba kimoja kutoka kwa mzazi mmoja, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akijua. Katika maisha ya kila siku hali hiyo haimsumbui. Ndani ya jicho lenye damu mambo hubadilika: oksijeni ni chache humo, chembe zake nyekundu hujikunja na kuwa ngumu kama mundu, hazipiti kwenye kichujio, na mshipa mkuu wa jicho huharibika hata kwa shinikizo ambalo mtoto mwingine angelivumilia. Zaidi ya hayo, asetazolamidi, dawa inayotumika sana kushusha shinikizo la jicho, inaweza kuzidisha kujikunja kwa chembe hizo, ndiyo maana daktari aliyemwona alimchagulia dawa nyingine na kumwangalia kila siku. Mzazi mwenye historia ya selimundu katika ukoo wake, kwake au kwa mwenzake, na aliseme hilo mlangoni kabla hajaulizwa.

Diklofenaki niliiagiza iachwe pale pale kwenye simu. Pamoja na asprini na ibuprofeni, hupunguza uwezo wa damu kuganda, na jicho lililovuja damu lina hatari ya kuvuja mara ya pili ndani ya siku tano za mwanzo, tena uvujaji wa pili aghalabu huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake ingetosha. Matone mliyouziwa siwezi kuyasema kwa kuwa chupa haikutajwa jina, ila najua kwamba matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, huuzwa kirahisi mno, na yakiwekwa kwenye konea iliyochubuka bila uangalizi wa daktari huweza kuficha maambukizi mpaka yakawa kidonda.

Kuhusu maziwa na asali nitakuwa mwangalifu, kwa sababu mama mkwe wako alitenda kwa huruma na ndivyo alivyotendewa yeye alipokuwa mtoto. Hata hivyo, katika miaka yangu kliniki nimeona makovu meupe kwenye konea ambayo hayakuletwa na jeraha la kwanza, bali na kile kilichotiwa juu yake: maziwa, asali, utomvu wa majani, mate, sukari. Maziwa yakishatoka kwenye titi hayabaki safi, na konea iliyochubuka ni mlango uliofunguka. Safari hii Mungu amesaidia, maambukizi hayakuingia. Ukizungumza naye, usimwambie kwamba alimdhuru mjukuu wake. Mpe kazi ya kumtilia matone ya hospitali kwa saa zilizopangwa, naye utaona atakavyoishika kwa makini kuliko yeyote.

Jirani yako aliyesema kwamba jicho likifa hulivuta la pili hakusema uongo mtupu, na pengine ndiyo maana maneno yake yaliwatisha kiasi hicho. Kuna ugonjwa adimu ambao, baada ya jicho moja kutobolewa au kupasuka na nyama zake za ndani kuwa wazi, kinga ya mwili huligeukia hata jicho zima. Ndiyo sababu jicho lililosambaratika kabisa, lisilo na matumaini ya kuona, wakati mwingine hutolewa mapema ili kulilinda jenzake, aghalabu ndani ya wiki mbili. Jicho la mwanao halikupasuka. Lilipigwa likabaki zima. Basi mwambieni baba yake kwamba hospitali haina haraka ya kutoa macho, na kwamba hata lililochanika hushonwa kwanza kila inapowezekana. Mtu anayekaa nyumbani kwa kuogopa jicho kutolewa ndiye huifikisha hali mahali ambapo daktari hana tena cha kushona.

Sasa niende kwenye ugomvi, ingawa wenyewe wangependa nisiuguse. Shemeji yako amesema ulipaswa kumwangalia mwanao. Mimi nasema mtoto aliyeketi barazani kwao, hatua tano kutoka kwenye mchezo ambao hakuushiriki, alikuwa mahali pake, na mama aliyekuwa uani akiosha vyombo vya watu wote wa nyumba alikuwa mahali pake pia. Sehemu kubwa ya wanaoumizwa macho na fataki ni watazamaji. Aliyenunua baruti akampa kijana wa miaka 14 bila mtu mzima kusimama karibu ndiye anayepaswa kujiuliza, na hilo nadhani analijua, ndiyo maana sauti yake ni kubwa. Lakini mume wako naye asijifiche nyuma ya haki yake. Kudai gharama kwanza ndipo mtoto atibiwe ni kumfanya mtoto kuwa rehani ya deni la watu wazima. Mzee wa familia anayeheshimiwa na ndugu wote wawili awaite baada ya wiki mbili tatu, mtoto akiwa ametulia, wakae na risiti mbele yao. Na yule kijana, kwa vile nasikia tangu siku ile hajakanyaga kwenu, mwiteni. Miaka 14 ni umri wa kutaka mlio mkubwa zaidi, sio umri wa kutaka kumpofusha binamu.

Fataki hizi zinaitwa ndogo, na neno hilo limeponza wengi. Ndani yake mna baruti, mchanganyiko wa chumvi ya shura, salfa na mkaa au jamii yake, ambao ukiwaka huzalisha gesi nyingi kwa ghafla. Ikilipuka mahali pa wazi gesi hutawanyika. Ikifunikwa kopo, gesi haina pa kwenda ila kulirusha kopo, na kuanzia hapo fataki ni bunduki na kopo ni risasi. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaozitia kwenye chupa au kuzifukia kwenye mchanga, na kwa watoto wanaokwangua njiti za kiberiti wakashindilia unga wake kwenye spoku ya baiskeli, wakachomeka msumari na kuugonga. Hata vile vijiti vya cheche ambavyo wazazi huwapa watoto wa miaka mitatu kwa kudhani ni mapambo vina joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mtoto wa umri huo hukishika karibu kabisa na uso wake. Norwei ilikwisha kuchoka mwaka 2008, ikapiga marufuku roketi za vijiti kwa watu binafsi. Kwetu Jeshi la Polisi hutangaza kila mwisho wa mwaka kwamba kupiga fataki bila kibali ni kosa, kisha kesho yake zinauzwa pembeni mwa viwanja vya sikukuu pamoja na maputo.

Kwa msomaji ambaye hajafikwa na hili, akifikwa na afanye hivi. Mtoto asiguswe jicho wala asiruhusiwe kulifikicha, na lisifungwe kitambaa kinacholigandamiza. Chukua kikombe cha karatasi au cha plastiki, kikate ubaki na kitako chake, ukifunike juu ya jicho ili kingo zake ziegemee mfupa wa paji la uso na wa shavu, kisha ukishike kwa plasta; kazi yake ni kuzuia vidole visifike. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe. Kama jicho limepigwa au una shaka kwamba limechanika, usilioshe. Kama ni majivu na unga wa baruti tu vilivyoingia, pasipo pigo, hapo lioshe kwa maji safi mengi. Mtoto akae kitako njiani, kichwa kikiwa juu, na asipewe chakula mpaka daktari amwone, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi. Mkifika, semeni neno fataki. Mtu akisema tu kwamba kitu kimeingia jichoni, huenda akapewa matone na kurudishwa nyumbani, kama ilivyotokea dukani.

Turudi kwa mwanao. Umenieleza kwamba shinikizo limeshuka, damu imebaki uzi mwembamba, na juzi alisoma mstari wa nne wa chati kwa jicho lile. Hizo ni habari njema. Alale kichwa kikiwa juu kwa mito miwili au mitatu, asicheze mpira wala kukimbia mpaka atakaporuhusiwa, na mwalimu wake aelezwe ili asimwadhibu kwa kukataa kukimbia mchakamchaka. Damu ikisafika daktari atataka kutanua mboni ili aitazame retina yote, na baada ya mwezi mmoja hivi ataikagua ile pembe ya chumba iliyopasuka. Msikose siku hizo kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Lenzi iliyopigwa huweza kuota mtoto wa jicho baada ya miezi au miaka. Pembe iliyochanika huweza kuleta presha ya macho baada ya miaka 10 au 20, bila maumivu, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuisahau Idi hii. Kwa hiyo apimwe shinikizo la macho kila mwaka maisha yake yote, na kadi ya kliniki itunzwe pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Akikwambia siku yoyote kwamba anaona vimulimuli, vijidoa vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, usingoje tarehe ya miadi.

Zile pakiti mbili zilizobaki kabatini kwa shemeji yako zisingoje Idi ya kuchinja. Mume wako akazichukue mwenyewe, na iwe ndiyo sababu ya kuubisha mlango wa kaka yake. Azitumbukize katika ndoo ya maji zilale humo usiku kucha mpaka makaratasi yalainike na baruti iyeyuke, kisha azifunge kwenye mfuko zikiwa mbichi na kuzipeleka kwenye gari la taka. Zisitupwe kwenye lile shimo la uani mnalochomea takataka siku ya Jumamosi.